Daftari la Bibi

Siku ya nne baada ya kumzika Bibi yetu mjini Dodoma, shangazi zangu wawili walilifungua kasha lake la mbao. Hawakukuta mengi. Zilikuwamo khanga zilizokunjwa vizuri, tasbihi, kipande cha ubani, picha ya babu akiwa amevaa sare ya reli, risiti za kodi ya kiwanja zilizofungwa kwa uzi, na chini kabisa daftari la shule lililovishwa kitambaa. Daftari lile lilikuwa limeandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu ukurasa wa mwanzo mpaka karibu na mwisho, kwa wino wa rangi mbalimbali, mwandiko ukianza imara na kumalizia kwa kutetemeka.

Hakuna aliyeweza kulisoma. Mmoja wetu alidhani ni dua na nyiradi. Kijana mwingine, mjukuu kama mimi, alinong'ona kwamba huenda ni talasimu, na kwamba mambo hayo ni heri yasiguswe. Baba Mkubwa alisema kwa kuwa ni maandishi yenye jina la Mwenyezi Mungu, na yamechakaa, adabu yake ni kuchomwa moto na majivu kufukiwa mahali safi. Wengi tuliafiki. Kibiriti kilikuwa kimekwisha kutafutwa Shangazi Mdogo alipolichukua daftari, akaliweka chini ya khanga yake, akasema, "Mama hakuandika kitu asichotaka kisomwe. Nipeni siku chache."

Ndugu msomaji, makala haya ni ya kumkumbuka Bibi yule, lakini pia ni ya siku zile chache. Jina lake silitaji, kwa kuwa katika uhai wake hakupenda kutajwa, na kwa kuwa yaliyotupata sisi yanaweza kuipata nyumba yoyote ya Waislamu ambamo mzee mwenye kuaminiwa na watu amefariki.

MTOTO WA MIAKA YA NZIGE

Bibi hakuijua tarehe ya kuzaliwa kwake. Alijua kwamba alizaliwa upande wa Kondoa katika miaka ile ya nzige wekundu, mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati makundi yao yalipokuwa yakila mashamba ya Tanganyika msimu baada ya msimu. Mama yake alikuwa msichana mwaka 1916, majeshi ya Waingereza kutoka Afrika Kusini yalipoingia Kondoa na kupigana na Wajerumani pale pale katika vilima vya Irangi, na alikuwa akimsimulia jinsi watu walivyoficha nafaka mashimoni ili zisichukuliwe na askari. Baada ya vita ilikuja njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Bibi alizisikia habari hizo akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, nami nadhani ndizo zilizompa tabia yake ya kuhesabu kila kibaba kinachoingia na kila kibaba kinachotoka.

Uislamu ulifika Kondoa na misafara ya biashara iliyotoka pwani kuelekea bara, ukaota mizizi mpaka leo. Bibi alipelekwa chuoni akiwa na umri wa miaka sita au saba. Alisomea juu ya ubao, kwa kalamu ya tete na wino wa masizi, na alipohitimu msahafu mwalimu wake alimwongezea jambo moja ambalo si kila mtoto alifundishwa, yaani kuandika Kiswahili kwa herufi zile zile za Qur'ani.

Aliolewa na babu, kibarua wa reli, akaletwa Dodoma. Reli ilikuwa imefika hapa mwaka 1910, na mji wenyewe ulikua kando yake. Treni za kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora na Kigoma zilisimama hapa, na abiria walishuka wakiwa na njaa na kiu. Bibi akaanza kuuza uji wa uwele karibu na stesheni. Pembeni yake alikaa mwanamke wa Kigogo, Mkristo, aliyeuza karanga na ubuyu. Mume wa mwanamke huyo alikuwa amefanya kazi Kongwa katika ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga, ulioanza mwaka 1947 kwa matrekta mengi na matumaini makubwa, ukashindwa kwa ukame na ugumu wa ardhi, na kuachwa mwaka 1951. Mradi ulipovunjika, mume na mke walikuja mjini kutafuta riziki. Sisi watoto tulimwita "Mama wa Kongwa", wala hatukujua jina jingine.

Babu alifariki mapema. Bibi alikaa eda miezi minne na siku kumi, kisha akarudi stesheni na sufuria lake. Aliwalea watoto wake kwa uji ule, na wengine wasio wake. Aliipita njaa ya katikati ya miaka ya 1970, tulipokula unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na aliipita miaka ile iliyofuata vita vya Kagera, sukari na sabuni zilipokuwa zikisubiriwa kwenye foleni tangu alfajiri. Jirani aliyekwama alikuja kwake. Mwenye upatu aliweka fedha kwake. Aliyesafiri alimwachia ufunguo.

Jambo moja tulilizoea mno hata hatukuliuliza. Kila mwaka baada ya mavuno, Bibi alivaa baibui lake, akafunga kitu katika pindo la khanga, akapanda basi la Kongwa, na kurudi siku ya pili. Tukidhani anakwenda kumsalimu shoga yake. Mama wa Kongwa alipofariki, safari hazikukoma. Zilikoma miaka mitatu kabla ya mauti ya Bibi mwenyewe, macho yalipoingia giza na miguu ikakataa. Mara mbili au tatu alituambia, "Nipelekeni Kongwa." Tulimjibu, "Ukipona, Bibi."

"HAYA SI KIARABU"

Shangazi Mdogo alilipeleka daftari kwa kijana mmoja anayefundisha madrasa, mwenye kuijua sarufi ya Kiarabu. Kijana alilifungua, akalitazama kwa muda mrefu, akasema, "Herufi ninazisoma, lakini haya si Kiarabu." Akaanza kutamka silabi moja baada ya nyingine, taratibu, na Shangazi akashtuka kuisikia sauti ya mama yake ikitoka katika kinywa cha mtu mwingine. Kilikuwa Kiswahili.

Inafaa tukumbushane hapa, kwa kuwa vijana wetu wengi hawalijui hili. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Zipo barua za Kiswahili za mwaka 1711 kutoka Kilwa, zilizohifadhiwa mpaka leo huko Goa, India. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, alimwandikia binti yake utendi wa mawaidha kwa herufi hizo hizo, na kwa utendi huo jina la mama yule limedumu mpaka leo. Wafanyabiashara waliandikiana hesabu, masheikh waliandikiana fatwa, na wanawake waliandikiana salamu. Baadaye serikali za kikoloni zikazitaka shule na ofisi zitumie herufi za Kirumi, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki ilifanya kazi yake kwa herufi hizo. Polepole mwandiko wa kale ukabaki mikononi mwa wazee.

Matokeo yake Bibi aliyaonja. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na viongozi wa mtaa walipopita kuandikisha wasiojua kusoma, naye aliandikishwa. Alihudhuria darasa jioni, akajifunza kuandika jina lake kwa herufi za Kirumi, akacheka sana. Mtu aliyekuwa ameandika kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa hajui kuandika, na sisi wajukuu wake tulikua tukiamini hivyo.

DINI AU DENI

Kijana wa madrasa alisoma mistari michache, kisha akakwama katika neno moja lililorudiwa karibu kila ukurasa. Alilisoma "dini". Mstari ulikuja hivi: "Dini yangu kwa mke wa mwenye duka, sukari ratili mbili." Mwingine: "Dini yangu kwa fulani, shilingi kumi na tano za upatu." Akasema haelewi, na akashauri atafutwe mtu mzima zaidi.

Tulisafiri mpaka Kondoa, kilomita zipatazo 160, barabara ambayo Bibi aliipita kwa lori la kupakia mizigo alipoletwa Dodoma akiwa bibi harusi, nasi tukaipita juu ya lami kabla ya adhuhuri. Tulikuwa watu watano: Baba Mkubwa, Baba Mdogo, shangazi wawili, na mimi. Mzee tuliyeelekezwa kwake ni mwalimu wa chuo, mwenye umri mkubwa. Alitukaribisha mkekani, akapangusa miwani, akafungua daftari. Hakusoma kwa silabi. Alisoma kama mtu asomaye barua aliyoandikiwa yeye.

Alipofika kwenye neno lile akatabasamu. "Si dini, wanangu. Ni deni. Herufi za Kiarabu zina irabu tatu, nasi Waswahili tuna tano. Asiyekijua Kiswahili cha mwandishi atasoma dini mahali pa deni." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Na asilaumiwe sana. Kwa Kiarabu maneno hayo mawili yanatoka katika shina moja."

Daftari lile lilikuwa daftari la madeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inawaamrisha waumini wakikopeshana waandike, na waweke mashahidi. Bibi aliichukua amri ile kama ilivyo. Kila deni lilikuwa na jina la mwenye haki, kiasi chake, na majina ya mashahidi. Mengi yalikuwa yamepigwa mstari na kuandikwa "limelipwa". Machache yalibaki wazi: mabaki ya upatu, gunia la mkaa, nauli aliyokopeshwa na jirani. Mwalimu aliyasoma moja moja, na Shangazi Mdogo akayanukuu kwa herufi zetu.

Kisha akafika kwenye ukurasa wa katikati, uliokuwa na mistari michache tu. Alisoma mara ya kwanza kimya. Mara ya pili alisoma kwa sauti. Bibi alikuwa ameandika kwamba nusu ya nyumba yake ni ya mwenzake wa Kongwa, kwa kuwa walikinunua kiwanja pamoja kwa fedha za uji na karanga. Kwamba siku ya kuandikisha mwenzake alikuwa kijijini akiuguza mtoto, hivyo karatasi ikabeba jina moja. Kwamba mwenzake aliporudi kijijini moja kwa moja, walikubaliana nusu ya kodi ya vyumba vya uani apelekewe kila mwaka baada ya mavuno, na baada yake apewe bintiye. Na kwamba deni hilo liko shingoni mwake. Chini yake yalikuwamo majina mawili ya mashahidi.

Kikafuata kimya kirefu.

HATI NA KABURI

Ili msomaji aelewe uzito wa kimya kile, lazima nieleze jambo ambalo halitupi sifa. Tulipokwenda Kondoa, nyumba ilikuwa imekwisha kupata mnunuzi. Tangu serikali ilipoamua kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, viwanja vya mitaa ya zamani vimekuwa na thamani ambayo wazee wetu hawakuiota. Nyumba ya udongo yenye mkwaju uani, iliyonunuliwa kwa senti za stesheni, ilikuwa imetajiwa bei iliyotufanya tunyamaze mara mbili. Kila mrithi alikuwa ameipangia sehemu yake kazi: ada za watoto, paa lisilokwisha, matibabu.

Baba Mkubwa ndiye aliyesema kwanza. "Hati ina jina la Mama peke yake. Mahakamani karatasi hii haina nguvu. Na mwenyewe amekufa."

Shangazi Mdogo alimjibu kwa upole, "Kaka, mahakamani hati itamtetea Mama. Kaburini itamtetea nani?"

Mabishano yalikuwa makali, nami siyaandiki yote. Mimi si mrithi. Baba yangu alimtangulia mama yake, na katika faraidh mjukuu hazuii wala harithi pamoja na watoto wa kiume walio hai. Nilikaa kimya nikisikiliza. Ilisemwa kwamba mwanamke yule na bintiye si Waislamu. Mwalimu, aliyekuwa ameacha tuzungumze, alinyanyua mkono. Akatukumbusha kwamba Mtume wetu Muhammad (rehema na amani zimshukie) alipoondoka Makka usiku ule wa hijra, akikimbia watu waliotaka kumuua, alimwacha Ali bin Abi Talib nyuma ili awarudishie wenyewe amana walizoziweka kwake. Waliorudishiwa amana hizo walikuwa makafiri wa Kikuraishi. Akatukumbusha pia juu ya jeneza lililoletwa mbele ya Mtume, akauliza kama maiti ana deni. Alipoambiwa analo, na hakuacha cha kulilipia, aliwaambia masahaba wamswalie wenyewe, mpaka Abu Qatada aliposimama na kusema kwamba deni hilo la dinari chache litakuwa juu yake.

"Mirathi mnayoigombea," mwalimu alisema, "haijaanza kuwa mirathi. Kwanza gharama za maziko. Kisha deni. Kisha wasia usiozidi theluthi. Kitakachobaki ndicho chenu. Mpaka hapo, mnagawana mali ya watu."

Kisha akafunua kurasa za nyuma. Huko Bibi alikuwa ameandika upande wa pili wa hesabu: watu waliokuwa wakidaiwa naye. Mwalimu alisoma mstari wa juu kwa sauti: "Hawa wote nimewasamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Yasisomwe mbele ya watu." Akapitisha macho yake ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Akalifunga daftari.

Hakuna aliyemwomba aendelee. Kila aliyekaa katika mkeka ule alijijua. Mimi nilizikumbuka fedha za mtihani nilizoahidi kuzirudisha nikipata kazi, nikapata kazi, nikasahau. Baba Mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa. Tulipokuwa tukirudi Dodoma, mahali fulani baada ya kupita Mayamaya, alisema bila kumtazama mtu, "Mwandikieni yule binti wa Kongwa."

MWANAMKE MWENYE DEBE LA UWELE

Hatukuhitaji kumwandikia. Shangazi Mkubwa alikumbuka kwamba siku ya msiba alikuja mwanamke mmoja wa makamo, asiyejulikana na yeyote, akiwa na debe la unga wa uwele kichwani. Aliliweka jikoni, akakaa na wanawake mpaka jeneza lilipotoka, akalia kama aliaye mtu wake, akaondoka na basi la jioni. Katika shughuli za msiba, nani humuuliza mwenye kuleta rambirambi anatoka wapi?

Tulimkuta kijijini kwake. Alitupokea kwa "Karibuni, poleni na msiba," akatuwekea mkeka chini ya mbuyu. Baba Mdogo, ambaye Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imemteua kuwa msimamizi wa mirathi baada ya kikao cha ukoo kumpendekeza, alianza kumweleza habari za daftari. Mwanamke yule alimkatiza kwa heshima. "Najua, kaka. Mama aliniambia kabla hajafa. Na Mama yenu kila mwaka alinirudia maneno hayo hayo, mbele ya mzee wa kijiji, ili nisije nikasahau mimi mwenye haki."

Shangazi Mkubwa akamuuliza kwa nini, miaka mitatu Bibi alipoacha kwenda, hakuja mjini kudai.

"Katika miaka yote ile hajawahi kuchelewa msimu," alisema. "Aliponyamaza nikajua mgonjwa. Mgonjwa hadaiwi, anaombewa."

Mzee wa kijiji, mmoja wa mashahidi wale wawili, alikuwa angali hai. Aliletwa akiongozwa na mjukuu wake, akaeleza kiwanja, mwaka waliokinunua, na mkwaju uliokuwamo, kabla hatujamsomea chochote.

Nyumba iliuzwa. Nusu ya bei ilikwenda Kongwa, pamoja na kodi ya misimu mitatu. Madeni yaliyobaki katika daftari yalilipwa kwa wenyewe, au kwa warithi wao. Mmoja tu hatukumpata, na fungu lake tumelitoa sadaka kwa niaba yake. Kilichobaki kiligawanywa kwa mujibu wa faraidh. Sehemu zilikuwa ndogo kuliko zilizotarajiwa, na sitadanganya kwamba kila mmoja alifurahi. Paa la mmoja wa warithi halijaisha mpaka leo. Mkwaju nao ulikatwa, na mahali pake pameota jengo la ghorofa.

TUWAKUMBUKE VIPI?

Tunapofiwa na mama au bibi, huwa tunaharakia mambo yanayoonekana: wali wa siku ya tatu, sare za khanga, picha kubwa sebuleni, hotuba za sifa. Sa'd bin Ubada (Mwenyezi Mungu amridhie) alifiwa na mama yake akiwa safarini. Aliporudi alimuuliza Mtume kama sadaka atakayoitoa kwa niaba ya mama yake itamfaa. Alipojibiwa kuwa itamfaa, aliitoa bustani yake. Swali lake lilikuwa juu ya kitakachomfaa marehemu, na ndilo swali ambalo sisi tulikaribia kulichoma moto pamoja na daftari.

Kwa familia zinazosoma ukurasa huu, yako mambo manne tuliyojifunza kwa uchungu, nayo hayahitaji fedha.

La kwanza, muulizeni mzee wenu angali hai: unamdai nani, nani anakudai, na ni amana gani ya watu iliyo mikononi mwako? Wengi huona haya kuuliza, wakidhani ni kumtakia mauti. Bibi alituomba mara tatu tumpeleke Kongwa. Lau mmoja wetu angeuliza "Kongwa kuna nini?", asingefariki na deni shingoni.

La pili, yaandikwe, na mashahidi wawepo, wakiwamo vijana watakaoishi baada yao. Mali ya shirika iandikwe majina ya washirika wote katika hati. Uaminifu wa Bibi ulitosha kwa uhai wake, lakini haukutosha kwetu. Wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa kisheria, ikiwamo kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ilimradi usizidi theluthi na usimdhulumu mrithi.

La tatu, msitupe wala kuchoma karatasi za wazee kabla hazijasomwa na mwenye kujua. Katika makasha ya Kondoa, Tabora, Ujiji, Bagamoyo na Pangani huenda zimo karatasi kama ile, na wanaoweza kuzisoma wanapungua. Mtoto wa madrasa anazijua herufi hizo tayari. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba lugha yake mwenyewe inaweza kukaa ndani yake. Kijana yule aliyesoma "dini" sasa huenda Kondoa kila likizo kukaa na mwalimu.

La nne, deni la maiti lilipwe kabla ya kugawana hata kijiko. Hakuna khitma wala hotuba iwezayo kushika nafasi yake.

Alizikwa jioni moja ya kiangazi, upepo wa Dodoma ukitimua vumbi jekundu juu ya waliomsindikiza. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amsamehe, ampanulie kaburi lake, na azipokee juhudi zake na zetu zilizochelewa.

Msimu uliofuata baada ya mavuno, debe la unga wa uwele lilifika tena kwa basi la Kongwa, likiwa limeandikwa jina la Shangazi Mdogo. Ndani yake hamkuwa na barua. Shangazi alilipokea, akalitoa daftari la Bibi, akafungua ukurasa uliofuata ule wa mwisho, akaandika kwa herufi zetu hizi: debe moja la uwele kutoka Kongwa. Kisha akatuita wawili tuliokuwa karibu, tukatia majina yetu chini yake.